Kitanda cha Kisasi

Keko, Dar es Salaam
8 Machi 1953

Mpendwa shemeji Avelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inawakuta mkiwa na afya, wewe na mama Bernadeta, na kaka Fransis na kifua chake. Mimi sijambo, ila kidole gumba kiliguswa na patasi wiki iliyopita, kwa hiyo ukiona mwandiko wangu unachechemea usidhani nimekunywa. Na kalamu yenyewe ni hii ya kuchorea mbao.

Mwanangu Auleria hajambo? Jino lake la mbele limeota? Nilipoondoka huko lilikuwa linacheza, naye alikuwa akilisukuma kwa ulimi kila nikisema naye, nikawa namwambia mambo marefu ya huzuni na yeye anasukuma jino tu.

Mwezi uliopita ulitimia mwaka tangu mke wangu Margareta atutoke. Nilikwenda misa, kisha nikaja kazini. Alikuwa na desturi ya kuniletea uji hapa karakana, na kabla ya kuweka kikombe alikuwa akipuliza maranda kwenye benchi. Mpaka leo ikifika saa ya uji napuliza, kisha nakumbuka hakuna kikombe.

Shemeji, neno nililokuandikia ni hili. Mwezi wa saba nitakuja kumchukua Auleria, aje asome na aishi nami huku. Najua desturi yetu, kwamba mtoto ni wa upande wa mama, lakini mambo yamegeuka. Hizi ni zama za kisasa, na mtoto asiyelelewa kisasa ataachwa nyuma. Nimemtengenezea kitanda cha kisasa, cha mninga mtupu, kirefu, kimtoshe hata akiwa mtu mzima, asihitaji kingine maisha yake yote. Kiko tayari, nimekifunika shuka. Nawaambia mapema ili mumwandae mtoto, na mama ajue. Mambo ya zamani tumeyaona yalitufikisha wapi. Sasa ni kisasa.

Msalimie kila anayeniuliza.

Shemeji yako,
Kasimiri

*

Namatula, Masasi
19 Aprili 1953

Kasimiri,

Sisi wazima kwa uwezo wa Mungu.

Barua yako nimeisoma peke yangu, nikarudia, kisha nikaisoma mbele ya mama na kaka Fransis kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Nilisoma darasa la tatu tu, lakini neno kisasi nalijua. Padri hulisoma kanisani, na husema hiyo ni kazi ya Mungu. Hakusema ya seremala.

Umeandika kwamba hizi ni zama za kisasi. Umeandika mtoto asiyelelewa kisasi ataachwa nyuma. Mtoto wa miaka saba, Kasimiri! Kaka Fransis akauliza, "Amesema kitanda cha nini?" Nikamsomea tena. Mama akauliza polepole, "Kirefu cha kumtosha mtu mzima?" Nikasema ndiyo, mama, na kimefunikwa shuka, na hatahitaji kingine maisha yake yote. Sote tunakijua kitanda ambacho mtu akishalala hahitaji kingine.

"Si niliwaambia?" kaka akasema. "Yale maneno yake pale kaburini hayakuishia kaburini."

Auleria hayupo hapa. Kaka amempeleka kwa ndugu zetu, mahali nisipopaandika. Mama yake akiwa hayupo, mtoto ni wetu tuliobaki, na wewe mwenyewe umesema desturi unaijua. Usije mwezi wa saba. Mama ameacha kuketi barazani, na lori likisimama barabarani anaingia ndani.

Jino limeota. Nakwambia hilo kwa sababu uliuliza.

Avelina,
dada wa marehemu

*

Keko
14 Mei 1953

Shemeji Avelina,

KISASA.

Mnisamehe nimeanza na neno hilo kabla ya salamu, kwa herufi kubwa na wino wa kuazima. Shikamoo nyingi kwa mama, na kaka Fransis nampa mkono ikiwa ataupokea.

Barua yako niliisoma nimesimama kando ya gundi jikoni, gundi ikaungua. Sikuelewa hata kidogo. Nikampa Gaspar aisome. Huyu Gaspar ni jirani yangu, mtu wa Bukoba, karani mjini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniagiza kabati la kisasa na kunifundisha neno hilo. Alisoma, akaketi chini kwenye maranda, akacheka hadi miwani ikadondoka. "Fundi," akasema, "umewatumia watu jeneza kwa posta!" Kisha akaniona uso, akaokota miwani, akaniomba radhi.

Ni kidole, shemeji. Ni kidole na kalamu ya mbao. Herufi a yangu ilikosa tumbo ukaiona i. Neno nililoandika ni kisasa, na ndani yake kuna sasa. Kitu cha kisasa ni kitu cha wakati huu tulio nao. Nimewauliza wengine nisije nikakuambia la kwangu tu. Gaspar anasema kisasa ni kitu chochote ambacho babu yako akikiona atauliza jina lake. Sesilia, anayetuuzia uji siku hizi, anasema, "Nyie mafundi hamjui kitu. Kikombe kimekuwa kidogo, bei ileile, hicho ndicho kisasa." Kuna mzee wa Kizaramo hapa anayepiga msasa, yeye anasema ujana wake neno hilo halikuwapo, watu walisema siku hizi, na siku hizi zilikuwa nzuri tu. Kwa hiyo hata huku hatujakubaliana. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema ni kumdhuru mtu.

Na kitanda ni kitanda, shemeji. Kwenye ubao wa kichwani nimechonga ua moja, lile Margareta alilokuwa akilishona kwenye foronya, lenye jani moja limekunjika. Nilimuuliza siku moja kwa nini jani limekunjika, akasema uzi uliisha, kisha akalipenda hivyo hivyo.

Mpelekee mwalimu wa misheni barua zote mbili azitazame. Kisha niambie mtoto yuko wapi. Sina amani.

Shemeji yako,
Kasimiri

*

Keko
30 Julai 1953

Shemeji,

Salamu kwenu nyote. Sijapata jibu, sijui kama barua ilifika au ilifika mkaiacha.

Meli ya Lindi iliondoka jana. Nilikwenda bandarini na kifurushi changu, nikaitazama ikiondoka bila mimi, maana uliniambia nisije, na hamjaniambia nije. Gaspar ananigombeza. "Mtoto ni wako, nenda kamchukue, unaogopa nini?" Nikamwambia kwao Bukoba pengine ni hivyo, kwetu sivyo. Mtoto akiondolewa kwa nguvu anakuwa kama amezaliwa na watu wawili tu.

Jana mteja mmoja aliingia, akaketi kwenye kile kitanda, akaruka-ruka, akauliza kama kinauzwa. Nikasema kina mwenyewe. "Yuko wapi huyo mwenyewe?" Nikakihamishia nyumbani. Ninalala kwenye mkeka kando yake. Usingizi wenyewe unakuja na kuondoka.

Nijibu hata kwa neno moja. Hata kama ni lile jingine.

Kasimiri, baba wa Auleria

*

Namatula
6 Septemba 1953

Shemeji Kasimiri,

Milele na milele, amina. Salamu yako ya Machi ndiyo naijibu leo. Sisi hatujambo, kifua cha kaka kimetulia. Kidole kimepona?

Barua zako nilizipeleka kwa mwalimu wa misheni, lakini nilizikalia kwanza muda mrefu, nikiogopa atakachosema. Alizipanga dirishani kwenye mwanga, akasema, "Avelina, hii ni a. Imeshinda na njaa, lakini ni a." Nikarudi nyumbani nikamsomea mama upya, nikiweka kisasa kila mahali nilipoweka kisasi. Mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. Kaka Fransis yeye hakucheka. "Kumbe nimetembea njia yote ile na mtoto mgongoni kwa sababu ya tumbo la herufi!" Amekwenda akamrudisha. Auleria yuko hapa, anakusalimu, anauliza kama ni kweli kitanda chake kina ua.

Ningependa niishie hapo, shemeji. Lakini neno lako lenyewe bado halijatuingia. Sisi huku tunahesabu hivi: ulikuwapo wakati wa Mdachi, na vita ya Maji Maji mama akiwa mtoto mdogo. Ukaja wakati wa Mwingereza. Kisha ukaja wakati wa mashamba ya karanga ya Wazungu, na huo unaukumbuka, matrekta yakipita hapa kwenda Nachingwea na sisi tukipanga mstari kuyatazama, tukiambiwa zama mpya ndizo hizo zinapita. Karanga zenyewe hatukuziona. Limebaki trekta moja porini, kuku wa watu wanataga kwenye kiti chake. Kila wakati ulikuwa na mwenyewe. Huu wako wa kisasa ni wa nani? Na nani ameachwa nje?

Aliyeuliza hivyo ni mama. Alipomaliza kucheka akasema, "Soma tena pale mwisho." Nikasoma: mambo ya zamani tumeyaona yalitufikisha wapi. Akasema, "Hapo hakuna herufi iliyokosewa."

Basi tuseme yote. Siku ile Margareta, aliyekuja kujifungulia kwetu, alipozidiwa na uchungu, mimi nilitaka apelekwe hospitali ya misheni. Mama akasema tungoje asubuhi. Amezalisha nusu ya kijiji hiki, alidhani anaona mbele. Asubuhi yake unaijua, yeye na kichanga. Ukafika siku ya kaburi, ukasema mbele ya watu wote, "Mngempeleka angekuwa hai." Ni kweli, na hakuna aliyebisha. Lakini tangu siku hiyo mama hajamgusa mzazi yeyote. Wanakuja kumwita, anasema mikono inauma.

Kwa hiyo ukiandika kwamba mtoto atolewe kwenye mambo ya zamani, mama anasikia jina lake limetajwa. Umenieleza kwa wino na herufi kubwa kwamba ni a. Nakuuliza tena, na safari hii usiitazame karatasi. Ni a kweli?

Shemeji yako,
Avelina

*

Keko
11 Oktoba 1953

Shemeji Avelina,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima, na mama Bernadeta nampigia magoti. Kidole kimepona, utaona herufi zangu zimenenepa.

Barua hii nimeianza mara nyingi, na zile za mwanzo zimewashia jiko la gundi. Jibu la haraka lilikuwa kusema ndiyo, ni a, tuyaache. Lakini nilipokuwa nikipiga randa kile kitanda nilikuwa nikiuona ule mkeka aliofia Margareta. Kila maranda yakidondoka nasema moyoni, mtoto wangu hatalala chini, hatalala pale mama yake alipolala. Na nilitaka mama asikie. Basi i ilikuwamo. Uliisoma vizuri kuliko nilivyoiandika.

Nilimweleza Gaspar, nikidhani atacheka. Akatafuna kijiti chake muda mrefu, akasema, "Fundi, nadhani hapa mjini tunasema kisasa kwa kila kitu tunachokikimbia." Sijui kama hiyo ndiyo maana yake. Yeye mwenyewe hajakwenda kwao siku nyingi.

Nimekumbuka jambo. Margareta alipokuja Dar mara ya kwanza nilikuwa na kitanda cha kamba, najivunia. Siku ya kwanza alitandika mkeka chini akalala. Akasema kitanda hakina joto la mama. Na kila akiumwa kichwa alikuwa akisema, "Angekuwapo mama angenikanda," nami namkanda, anasema asante, lakini najua si yenyewe. Mikono hiyo ndiyo niliyoisema vibaya mbele ya watu. Mwambie mama isiume tena kwa ajili yangu.

Kitanda nimekifungua. Usishtuke, hakina msumari hata mmoja, viungo vyote ni ndimi za mbao zinazoingia kwenye matundu. Kimekwisha pandishwa meli ya Lindi, na huko kitapata lori. Si cha Auleria tena, ni cha mama Bernadeta. Auleria alale naye, upande wa ukutani asije akaanguka. Kila ulimi nimeuandika namba, na tundu lake namba hiyo hiyo. Fremu ya juu na chaga zake imekaa tu juu ya miguu. Mkitaka kufagia uvunguni watu wanne wanainua fremu nzima kama machela, miguu inabaki.

Mtoto abaki mpaka mama mwenyewe aseme. Sitaandika tena kumdai. Aende tu shule ya misheni.

Chumbani pamebaki nafasi wazi kilipokuwapo kitanda. Bado ninalala pale pembeni, sijui kwa nini sijisogezi.

Shemeji yako,
Kasimiri

*

Namatula
17 Januari 1954

Mpendwa Kasimiri,

Nakusalimu kutoka kwenye benchi la hospitali ya misheni, kwa hiyo kabla sijauliza hali yako nakwambia kwanza: hakuna aliyekufa. Soma taratibu.

Kitanda kilifika kabla ya Noeli, juu ya magunia ya chumvi. Kaka Fransis alikiunga mwenyewe, hakutaka kusomewa namba, ubao wa kichwani ukawa miguuni. Nikasema tukifungue. Mama akakataa, akasema kiachwe, anapenda kuliona lile ua akiamka. Siku za kwanza hakulala, aliketi ukingoni tu akimlaza Auleria na kulipapasa lile jani lililokunjika. Mvua zilipoleta baridi akapanda.

Watu wamekuja kukitazama kutoka mbali. Na hapa ucheke: hakuna anayekiita kitanda cha kisasa. Habari ya barua yako ilikuwa imeshaenea, basi kwa wote ni kitanda cha kisasi. Sasa ndilo neno la hapa. Jirani amenunua mwavuli, wanasema mwavuli wa kisasi. Bwana harusi wa juzi alivaa viatu vya kisasi, akapigiwa vigelegele. Mwalimu anasahihisha mpaka amechoka.

Wiki iliyopita mama alishikwa na kichomi. Mchana alikuwa akipepeta mtama, jua linashuka hawezi kuvuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Mvua inanyesha, njia yote tope. Kaka Fransis akasimama mlangoni, akatazama mawingu, akasema, "Tungoje asubuhi."

Alipolisema alijisikia mwenyewe. Mama naye alisikia. Alinitazama, na Auleria upande wa ukutani akatutazama sote.

Nikasema, "Sasa."

"Avelina, mto umejaa..."

"Nimesema sasa. Shika pale."

"Na tukifika tukashindwa kuvuka?"

"Tutashindwa tukiwa mtoni. Shika, kaka!"

Akashika. Majirani watatu wakashika. Fremu ikainuka kama ulivyoandika, mama juu yake, miguu ya kitanda ikabaki chumbani imesimama peke yake. Maji ya mto yalitufika kiunoni. Auleria alibebwa mgongoni mwangu, akiwa ameshika ncha ya shuka ya bibi yake, na hakuiachia mpaka hapa. Katikati ya maji ndipo nikakumbuka ulichoniandikia kuhusu lile neno, kwamba ndani yake kuna sasa. Miezi yote hiyo nilikuwa naitazama herufi ya mwisho.

Masista walimpokea. Wamesema tungefika kesho yake wasingeahidi kitu. Juzi amekunywa uji, leo amegombana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu namna ya kumfunga mtoto mchanga, akaenda akamfunga mwenyewe. Nilitazama mikono yake. Hakusema inauma.

Ameniambia niandike hivi, na ameniambia nisiongeze: "Mwambie fundi kitanda chake kinabeba. Mwambie aje amchukue mtoto. Kitanda hakiendi." Nikamuuliza na ule upande wa ukutani atalala nani. Akasema hautalala mtu, utamngoja Auleria kila shule zikifungwa. Kisha akageuka akajifanya amelala.

Njoo na meli ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha. Kaka Fransis atakungoja Lindi. Anasema atakupa mkono, lakini kwanza utambeba mgongoni mwendo ule alioutembea yeye.

Auleria ananiuliza huko Keko atalala juu ya nini, ikiwa kitanda chake amekwisha mpa bibi. Nimemwambia baba yake ni seremala.

Ile nafasi chumbani bado iko wazi? Basi chukua randa, kaka. Anza sasa.

Dada yako,
Avelina